Nani Hulipia Historia? Ruzuku za Jamii, Elimu ya Historia na Ujumuishi wa Kitamaduni Mandera na Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya ruzuku za jamii katika kufundisha historia na kukuza ujumuishi wa kitamaduni kaskazini mashariki mwa Kenya, hususan Mandera. Hoja kuu ni kwamba sheria za Kenya zinaitambua haki ya jamii zilizotengwa kukuza lugha na utamaduni wao, lakini hazina kuu iliyoundwa kwa ajili ya maeneo hayo inataja maji, barabara, afya na umeme, haitaji historia. Kwa sababu hiyo simulizi za eneo hili aghalabu hugharimiwa na watu wa mbali, au hazigharimiwi kabisa. Makala yanapendekeza namna ambavyo ruzuku ndogo, zinazosimamiwa na jamii yenyewe, zinaweza kuiziba pengo hiyo, na yanabainisha wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili katika kazi hiyo.

1.0 Utangulizi

Mandera ni mji ulio katika pembe ya mwisho ya Kenya upande wa kaskazini mashariki, kando ya Mto Daua, mahali ambapo mipaka ya Kenya, Ethiopia na Somalia hukutana. Ni takriban kilomita 1,000 kutoka Nairobi. Kwa vizazi kadhaa wenyeji wa kaskazini wamekuwa wakisema kuhusu mtu anayesafiri kwenda Nairobi kwamba "anakwenda Kenya". Kauli hiyo si mzaha mtupu. Ni muhtasari wa historia ndefu ya watu waliohesabiwa kuwa ndani ya nchi katika ramani na nje yake katika mambo mengine mengi.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Katika elimu, methali hii hutimia pale ambapo mtoto husoma historia ya taifa lake kuanzia darasa la chini hadi chuo kikuu bila kukutana na mahali alipozaliwa, isipokuwa katika habari za ukame na mashambulizi. Swali linaloulizwa hapa ni la kifedha kwa juu, lakini ndani yake ni la kitaaluma: nani hulipia historia ya mahali kama Mandera, na anapoilipia, nani huamua yatakayosimuliwa?

Makala yana sehemu saba zaidi. Baada ya kufafanua dhana, yanaeleza kwa ufupi historia inayohusika, yanachambua vifungu vya Katiba vinavyohusu utamaduni na fedha, yanatazama mifano mitatu ya simulizi zilizopata mlipaji, kisha yanapendekeza utaratibu wa ruzuku na nafasi ya Kiswahili ndani yake.

2.0 Dhana ya ruzuku na ya historia ya waliosahauliwa

Ruzuku, kwa maana inayotumika hapa, ni fedha inayotolewa kwa kikundi bila kudaiwa irudishwe, ili kitekeleze kazi yenye manufaa kwa umma. Ruzuku ya jamii ni ndogo kuliko bajeti ya serikali, na hutofautiana nayo kwa jambo moja la msingi: anayepanga na kutekeleza kazi ni wanajamii wenyewe.

Kugharimia historia ya watu waliosahauliwa si wazo geni duniani. Nchini Marekani, mwanahistoria Carter G. Woodson alishiriki kuunda chama cha kuchunguza maisha na historia ya watu weusi mwaka 1915, na mwaka 1926 akaanzisha juma la historia ya watu weusi katika mwezi wa Februari. Juma hilo ndilo lililokua likawa mwezi mzima. Inafaa kukumbuka kwamba misaada ya mashirika makubwa ilipopungua, Woodson aliendelea kwa michango ya watu weusi wenyewe: walimu, makanisa na vyama vyao. Mwaka 1937 alianzisha jarida lililolengwa kwa walimu, kwa kuwa alifahamu kwamba historia isiyofika darasani hubaki mali ya wachache. Nchini Uingereza, mwezi wa historia ya watu weusi uliadhimishwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1987 mjini London, kwa juhudi za Akyaaba Addai-Sebo, mzaliwa wa Ghana.

Mifano hii haiwezi kuhamishiwa Mandera kama ilivyo. Marekani na Uingereza, weusi wa ngozi ndio uliokuwa alama ya kutengwa. Mandera wote ni Waafrika, na waliowatenga baada ya 1963 walikuwa Waafrika wenzao. Alama ya kutengwa hapa imekuwa eneo, lugha, dini, ukoo na nasaba. Hata hivyo kanuni moja inasafiri salama: jamii ambayo historia yake haimo katika vitabu vya shule hulazimika kuianza kazi hiyo yenyewe, na kazi hiyo ina gharama.

3.0 Historia inayohusika

Utawala wa Kiingereza uliitenga kaskazini kwa sheria. Sheria ya wilaya za pembezoni ya 1902 ilidhibiti uingiaji na utokaji wa watu katika maeneo yaliyotangazwa kufungwa, na sheria ya wilaya maalumu ya 1934 iliwapa maofisa mamlaka makubwa juu ya wafugaji na mienendo yao. Eneo hilo liliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Shule, barabara na hospitali zilijengwa kusini. Kaskazini kulijengwa vituo vya askari.

Mwaka 1962 tume iliyotumwa kukusanya maoni ya wakazi ilibaini kwamba wengi wao, hasa Wasomali, walitaka kujiunga na Somalia. Matakwa hayo hayakukubaliwa. Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido. Maelfu ya watu hupita kila siku katika Barabara ya Wabera, katikati ya jiji la Nairobi. Jina lake wanalitamka, lakini ni mara chache historia iliyo nyuma ya jina hilo husimuliwa.

Tarehe 28 Desemba 1963, majuma mawili tu baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hilo. Vita vilivyofuata vilidumu hadi mwishoni mwa 1967, Kenya na Somalia zilipoafikiana Arusha kwa upatanishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Sheria za hali ya hatari, hata hivyo, hazikuondolewa hadi 1991. Katikati ya miaka hiyo kulitokea mauaji na uchomaji wa mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa, Novemba 1980, na mauaji ya Wagalla katika wilaya ya Wajir, Februari 1984, ambapo wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege na wengi wakauawa. Serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikadiria kwamba huenda idadi ilikaribia 1,000. Mwaka 1989 ulifanywa uchunguzi maalumu wa Wakenya Wasomali, na waliothibitishwa wakapewa kadi za rangi ya waridi juu ya vitambulisho vyao vya kawaida. Masharti ya ziada ya uchunguzi kwa wakazi wa kaunti za mpakani wanaoomba vitambulisho yalifutwa kwa tangazo la Rais mwezi Februari 2025.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuifanya historia hii iwe orodha ya misiba peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo za Wajir zilipokuwa zikipigana, wanawake wa mji huo walianzia sokoni: walikubaliana kwamba mwanamke yeyote, wa ukoo wowote, aweze kuuza na kununua bila kubughudhiwa. Kutokana na hatua hiyo ilikua kamati ya amani iliyowaunganisha wazee, vijana, wanawake na maofisa wa serikali. Dekha Ibrahim Abdi, mmoja wa waanzilishi wake, alitunukiwa mwaka 2007 tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Utaratibu huo wa kamati za amani ulienea katika wilaya nyingine. Mwanafunzi wa Mandera anastahili kufahamu kwamba eneo lake limeifundisha Kenya nzima namna ya kupatana.

4.0 Katiba, fedha na pengo lililopo

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ina vifungu vinne vinavyohusu mada hii kwa karibu.

Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na papo hapo kinaitaka Serikali ilinde na kukuza lugha nyingine za wananchi. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na kinaitaka Serikali iukuze kupitia fasihi, sanaa, machapisho, maktaba na njia nyinginezo. Kifungu cha 56 kinaagiza kuwepo mipango ya kuwanufaisha watu wa jamii ndogo na makundi yaliyotengwa. Miongoni mwa mambo yanayotajwa ni kukuza maadili ya kitamaduni, lugha na desturi zao, na pia kupata maji, huduma za afya na miundombinu. Katika kifungu hiki lugha na maji vimewekwa bega kwa bega.

Kifungu cha 204 ndicho chenye fedha. Kinaunda Hazina ya Usawazishaji, ambayo hupokea nusu ya asilimia moja ya mapato yote ya serikali ya kitaifa ya kila mwaka, kwa kufuata hesabu zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Lakini fedha hiyo ni kwa huduma za msingi, na zinazotajwa ni maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Katika sera yake ya kwanza ya mwaka 2013, Tume ya Ugavi wa Mapato iliorodhesha kaunti 14 zilizotengwa, Mandera, Wajir na Garissa zikiwamo. Sera ya pili ya 2018 iliacha kuhesabu kaunti nzima nzima na kuhesabu maeneo madogo, ikaorodhesha 1,424 katika kaunti 34.

Hakuna atakayebisha kwamba Mandera inahitaji maji. Mahali ambapo mama hutembea nusu siku kutafuta mtungi mmoja, kudai fedha za historia kabla ya kisima kunaweza kuonekana anasa. Pingamizi hili ni zito na linastahili jibu. Jibu lake ni kwamba mambo haya mawili hayagombei shilingi moja. Kisima hugharimu mamilioni. Kurekodi, kunukuu na kuchapisha masimulizi ya wazee wa tarafa moja hugharimu sehemu ndogo mno ya kiasi hicho. Isitoshe, kutengwa kwa Mandera hakukuanza kwa ukosefu wa bomba. Kulianza kwa fikra, kwamba huko ni nje ya Kenya. Fikra hizo hujengwa na kubomolewa darasani.

Kuna pengo jingine la kimamlaka. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho, pamoja na elimu ya chekechea. Sera ya elimu, mitaala na mitihani imebaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo Kaunti ya Mandera inaweza kuandaa tamasha la utamaduni, lakini haiwezi kuamua mwanafunzi wa sekondari asome nini kuhusu Mandera. Tamasha huisha jioni. Kitabu cha kiada hudumu kwa miaka.

Fedha za haki nazo zimepita njia yake. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, ikaitaja kaskazini mwa Kenya kuwa kitovu cha ukiukaji mkubwa wa haki uliofanywa na vyombo vya usalama, na ikapendekeza fidia, kuombwa radhi na ujenzi wa kumbukumbu. Mwezi Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi mbele ya Bunge na kuagiza zitengwe shilingi bilioni 10 kwa muda wa miaka mitatu. Kanuni za kuzitumia fedha hizo zilikawia kwa miaka, huku waathiriwa wakiendelea kudai. Ripoti yenyewe ni juzuu nzito zilizoandikwa kwa Kiingereza. Mjane wa Wagalla aliyetoa ushahidi wake kwa Kisomali hawezi kuusoma ushahidi huo humo, wala mjukuu wake hausomi kwa Kiswahili anachofundishwa shuleni.

5.0 Simulizi zilizopata mlipaji: mifano mitatu

5.1 Maktaba ya ngamia

Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya ilianzisha Garissa maktaba inayosafirishwa kwa ngamia, ili vitabu viwafikie watoto wa wafugaji. Baadaye huduma hiyo ilifika Wajir pia. Huu ni mfano bora wa ujumuishi: badala ya kumtaka mfugaji ahamie penye maktaba, maktaba ilihamia kwa mfugaji, tena kwa mnyama wake mwenyewe. Habari zake zilisambaa ughaibuni, na mwaka 2007 mwandishi wa Marekani, Masha Hamilton, akachapisha riwaya ya The Camel Bookmobile. Hapa ndipo swali la makala haya linapojitokeza. Ngamia walibeba vitabu kuwapelekea wafugaji. Ni nani atakayegharimia safari ya kurudi, ambapo ngamia hao wangebeba vitabu vilivyotungwa na wafugaji wenyewe?

5.2 Filamu ya Watu Wote

Tarehe 22 Novemba 2014, wapiganaji wa al-Shabaab walilisimamisha basi lililotoka Mandera wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua 28, wakiwamo walimu. Walimu wengi kutoka kaunti nyingine walikataa kurejea, na shule za Mandera zikapungukiwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lilivamiwa karibu na El Wak. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Wanawake waliwavisha wenzao mitandio yao. Salah Farah, mwalimu aliyekuwa miongoni mwa waliokataa, alipigwa risasi na kufariki Januari 2016. Serikali ilimtunuku nishani baada ya kifo chake.

Tukio hilo liliigizwa katika filamu fupi yenye jina la Kiswahili, Watu Wote, iliyotolewa mwaka 2017 chini ya uongozi wa Katja Benrath kama kazi ya kuhitimu katika chuo cha habari cha Hamburg, Ujerumani. Wahusika wake huzungumza Kiswahili na Kisomali. Mwaka 2018 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Ni filamu ya heshima, na waigizaji wa Kenya walifanya kazi iliyotukuka. Hata hivyo, simulizi inayofahamika zaidi duniani kuhusu Mandera ilisubiri mlipaji kutoka Hamburg. Lau kungekuwa na ruzuku ya kiasi katika kaunti, klabu ya drama ya shule moja ya Mandera ingaliweza kuwahoji abiria hao mapema, kwa lugha zao, na kuandika tamthilia itakayosomwa na wanafunzi wa Kisii, Nyeri na Kilifi.

5.3 Wazigua wa Dadaab

Mfano wa tatu ni wa Garissa, na ndio unaokaribiana zaidi na historia ya utumwa. Katika karne ya 19, Waafrika wa makabila ya Wayao, Wamakua, Wazigua na wengineo walichukuliwa kutoka pwani na bara ya Tanzania na Msumbiji za leo, wakauzwa kusini mwa Somalia kufanya kazi za mashamba ya Shebelle. Waliotoroka walijenga vijiji katika misitu ya Mto Juba, eneo lililoitwa Gosha. Baadhi yao, hasa Wazigua, walihifadhi lugha yao kwa zaidi ya karne moja. Jirani zao waliwadharau kwa asili yao, wakiwaita kwa majina yenye kumaanisha utumwa au nywele ngumu. Somalia iliposambaratika mwaka 1991 walikimbilia kambi za Dadaab, na huko ndiko mashirika ya misaada yalikovumisha jina la "Wabantu wa Somalia".

Wapo waliorejea Tanzania, wakapokewa Chogo, wilaya ya Handeni, katika nchi ambayo babu zao walichukuliwa; Tanzania iliwapa baadhi yao uraia. Mwaka 2002 takriban watu 12,000 walihamishwa kutoka Dadaab hadi Kakuma kusubiri safari ya Marekani. Leo watoto wao wako katika miji kama Lewiston, jimbo la Maine. Kila Februari watoto hao hufundishwa habari za watumwa wa Marekani. Habari za utumwa wao wenyewe, za Kilwa, Barawa na Gosha, wanazipata kwa bibi zao na vyama vyao vya kijamii.

Mfano huu una funzo chungu. Wakazi wa kaskazini mashariki wametengwa na dola, lakini miongoni mwao pia wamekuwapo waliotengwa na majirani. Mradi wowote wa ujumuishi utakaosimulia jeraha la kwanza na kulinyamazia la pili utakuwa umechagua nusu ya ukweli.

6.0 Ruzuku ndogo ifanye kazi vipi?

Kutokana na mifano hiyo, utaratibu ufuatao unapendekezwa kwa kaunti, vyuo vikuu na wafadhili wanaotaka kugharimia elimu ya historia katika Mandera na majirani zake.

Kwanza, mwombaji awe shule, maktaba au kikundi cha wanajamii wenyewe, na chuo kikuu kiwe msaidizi. Mtafiti mgeni akishika mkoba wa fedha, maswali pia huwa yake.

Pili, masimulizi yarekodiwe kwa lugha ya msimulizi. Mandera si mahali pa lugha moja. Wagarre wana lugha yao inayotofautiana na Kisomali sanifu, na wapo miongoni mwao wanaozungumza lugha ya Kiborana. Kumtaka mzee asimulie utoto wake kwa lugha aliyojifunza ukubwani ni kumnyima nusu ya kumbukumbu zake.

Tatu, kila tukio lisimuliwe na pande zisizopungua mbili. Wagarre, Wadegodia, Wamurule na koo ndogo za mjini wamewahi kupigana. Mapigano ya 2012 na 2014 kati ya Wagarre na Wadegodia yaliacha makovu ambayo hayajapona. Ruzuku inayogharimia historia ya ukoo mmoja peke yake inaweza kununua risasi badala ya kitabu. Sharti la pande mbili lisiwe ombi, liwe kigezo cha kupata fedha.

Nne, wanawake wawe wasimulizi na wakusanyaji. Katika fasihi ya Kisomali, buraanbur ni utanzu wa ushairi wa wanawake. Mkusanyaji mwanamume anaweza kumaliza mwezi mzima akihoji wazee chini ya mti bila kuusikia hata mara moja.

Tano, maandishi yasomwe mbele ya wasimulizi kabla ya kuchapishwa, na nakala zibaki shuleni, katika maktaba ya kaunti na kwa familia zinazohusika. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni inazitambua jamii kuwa wenye mali hiyo.

Sita, kazi zilizokamilika zipelekwe kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, ili zitumike kama vitabu vya ziada. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019 unatoa nafasi ya lugha za mama katika madarasa ya chini. Nafasi hiyo inahitaji matini, na matini hayajiandiki.

7.0 Wajibu wa Kiswahili

Kiswahili hakina mikono safi katika historia hii. Neno "shifta", lenye asili ya Kiamhari na maana ya jambazi, liliingia katika Kiswahili cha magazeti na cha askari wa Kenya katika miaka ya 1960. Lilianza kwa kumtaja mpiganaji, likaishia kumtaja Msomali yeyote wa kaskazini, hata mtoto mchungaji. Vita vyenyewe viliitwa kwa neno hilo, na vingali vikiitwa hivyo. Waborana wa Isiolo wana jina jingine kwa kipindi kicho hicho: Gaf Daba, yaani wakati mambo yaliposimama. Jina la kwanza linamtazama mtu kutoka mtutu wa bunduki. La pili linatoka kwa mwenye mifugo aliyezuiwa kwenda malishoni. Mwanafunzi wa semantiki anayetafuta mada ya tasnifu anayo hapa.

Papo hapo, Kiswahili ndiyo lugha pekee inayoweza kuyatoa masimulizi ya Mandera na kuyapeleka Kakamega, Tanga na Goma bila kupitia Kiingereza. Kina uhusiano wa kale na eneo hili: Chimwiini cha Barawa na Kibajuni cha visiwa vya Kismayu ni lahaja za Kiswahili zilizosemwa Somalia kabla mpaka haujachorwa, na wasemaji wake wengi walikimbilia Kenya baada ya 1991. Hata jina la Bulla Kartasi lina ndani yake neno lililo ndugu wa "karatasi". Kumfundisha mtoto wa Mandera uhusiano huu ni kumwonyesha kwamba Kiswahili hakikuletwa kwake na askari peke yake.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina uwezo wa kuanza bila kusubiri fungu kubwa. Wanafunzi wanaotoka Mandera, Wajir na Garissa wamo katika vyuo vyetu. Wakiwa likizoni wanaweza kurekodi, na wenzao wakasaidia kutafsiri, kuhariri na kuchapisha. Kitabu cha Salah Abdi Sheikh kuhusu Wagalla, Blood on the Runway, kilichapishwa mwaka 2007 kwa Kiingereza. Kutafsiri kazi za aina hiyo, kwa idhini ya wenyewe, ni kazi ya kitaaluma kamili na ina haki ya kuombewa ruzuku kama utafiti wowote wa fonolojia au ushairi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Katiba ya Kenya imeweka lugha na maji katika sentensi moja pale inapotaja haki, lakini imevitenganisha pale inapotaja fedha. Yameonyesha pia kwamba simulizi za kaskazini mashariki zinapopata mlipaji wa mbali huweza kusifika duniani zikiwa bado ngeni katika madarasa ya nyumbani, na kwamba waliotengwa nao wana wa kuwatenga.

Muda si rafiki. Hazina ya Usawazishaji imewekewa ukomo wa miaka 20 tangu kuanza kwa Katiba, isipokuwa Bunge liirefushe. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 15 hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1963 alizaliwa 1948. Fedha zinaweza kuongezewa muda kwa kura ya Bunge. Msimulizi huyo hawezi. Shule ya Rhamu, Takaba au El Wak itakayopata leo kinasa sauti kimoja, nauli ya kumfikia mzee na mwanafunzi wa Kiswahili aliye tayari kunukuu, itakuwa imepata kitu ambacho hakuna fungu litakaloweza kukinunua miaka kumi ijayo.